Zamu ya Baba

Mke wangu alifariki Machi 1994, mahindi yakiwa bado mabichi. Siku hizo Liparamba yetu ilikuwa katika Wilaya ya Mbinga. Wilaya ya Nyasa ilikuja mwaka 2012. Nilibaki na watoto watatu. Kila jioni tulisali Rozari, kama marehemu alivyotuzoeza, kisha mimi nikaanza orodha yangu: karo, sabuni, nguruwe pori wasiingie shambani. Nilimsemesha Mungu kama mkulima anayedai malipo ya kahawa.

Jioni moja binti yangu mdogo aliuliza, "Baba, kwani leo hatukupata kitu?"

Sikuwa na jibu. Tukakubaliana kuwa kabla ya kulala kila mmoja ataje kitu kimoja alichopata siku ile, asirudie cha jana. Watoto hawakupata taabu: uyoga, boga, daftari jipya. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Maji." Kesho yake, "Kuni." Nilisema ili tukalale.

Nakiri kwamba kwa miezi mingi moyo haukuwamo. Agizo la Paulo kwa Wathesalonike kuhusu kushukuru nililiona ni maneno ya mtu ambaye hajazika. Baadaye padri mmoja alitueleza kigangoni kwamba katika Kigiriki Paulo aliandika tushukuru *katika* mambo yote. Kumbe sikuagizwa kuushukuru msiba. Neno hilo dogo lilinifaa kuliko pole nyingi nilizopewa.

Mke wangu alikulia milimani Umatengo, wanakolima ngolo. Nyasi hulazwa chini na kufukiwa. Huko ndani zinaoza taratibu, na juu yake hupandwa maharage. Mgeni akipita siku ya kwanza huona udongo mtupu. Nadhani na mimi nilikuwa hivyo. Kwa kuwa jioni nilidaiwa jibu, nilianza kulitafuta mchana: jirani aliyenipisha kisimani, jembe lililopata mpini, mtoto aliyepona homa. Siku nyingine nilikosa kabisa, nikarudia "maji", watoto wakacheka.

Mwaka 1996, jioni moja ya mvua, zamu yangu ilifika nikasema, "Mama yenu."

Kaka mtu akapinga, "Baba, hicho si cha leo."

Binti yangu mdogo akamwambia aniache.