Tui la Nazi Katikati ya Jiji

Jumamosi, 1 Machi 2025

Mchana nimekula Mtaa wa Zanaki, ghorofani, kwenye mkahawa wa Kigujarati ambao nimeupita miaka yote nikikimbilia usafiri. Hawapiki nyama, samaki wala mayai. Sinia ya chuma inakuja na vibakuli vyake: dengu, viazi vya bizari, bilinganya, kabichi iliyokaangwa kwa mbegu za haradali, papadi, achari ya embe, wali, chapati nyembamba. Aliyeacha nyama peke yake akifika hapo amefika. Mimi niliyeacha na maziwa bado nina safari, maana jiko la Kigujarati linapenda sana samli na mtindi. Chapati ikitoka motoni hupakwa samli, na ule mchuzi wa manjano ambao kila meza ilikuwa ikiuongeza ni unga wa dengu uliokorogwa na mtindi.

Nilipomweleza mhudumu, alikwenda kumwita mwenye mkahawa, mama mtu mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Una mzio?"

"Sina, mama. Nimeacha tu vyote vinavyotoka kwa mnyama."

Akavuta kiti, akanionyesha kibakuli kimoja kimoja: hiki kula, hiki kula, hiki acha, chapati subiri nikuletee kavu. Hakuniuliza kwa nini. Naandika nisisahau: chapati ziagizwe kavu mapema, na ile tamutamu ya mwisho irudishwe jikoni, ni maziwa matupu.

Watu ofisini wananiambia niende Masaki, huko kuna mikahawa yenye maziwa ya lozi na vibao vya kijani dirishani. Nimeshakwenda. Chakula ni kizuri, bei yake ni ya watu wengine. Isitoshe, mimi nakaa Ilala na nafanya kazi mjini. Nataka kula ninapoishi. Katika daftari hili nitaandika kila jiko la mjini na Kariakoo ambalo mpishi wake anajua kilichoingia chunguni na yuko tayari kukisema.

Majirani zangu wengi kesho wanaanza kufunga.

Jumatatu, 3 Machi

Kuanzia saa kumi na moja jioni Kariakoo inabadilika harufu. Mafuta ya magari yanazidiwa na iliki, na kandokando ya Mtaa wa Mkunguni meza zinapangwa sufuria zilizofunikwa vitambaa. Nimetembea taratibu nikiuliza bila kununua, kwa kuwa sikutaka kutafuna mbele ya watu waliofunga.

Viazi vitamu kwa tui. Mihogo kwa tui. Magimbi kwa tui. Ndizi mbivu kwa tui, sukari na iliki. Tambi zilizokaangwa kidogo kisha zikapikwa kwa tui mpaka zikakauka. Uji wa mchele wenye pilipili manga. Nimepita meza baada ya meza na sikuona tone la maziwa ya ng'ombe. Wanyamwezi, Wazaramo, Wapemba, Wakwere, wote wanaofuturu mtaa huu wanaanza na tende na vyakula vya nazi. Nyama ikija, inakuja baadaye, na kwa nyumba nyingi haiji kila siku.

Kwenye kalimati lazima kuuliza. Muuzaji wa kwanza alinishangaa: "Mtindi wa nini, dada? Unga, hamira na maji, basi." Wa pili, hatua chache mbele, anatia mtindi na anajivunia, anasema ndiyo unaozifanya ziwe laini ndani. Wote wawili wamesema kweli, na kalimati zao ukiziangalia zimefanana kabisa ndani ya shira. Macho hayasaidii hapa.

Adhana ilipoadhiniwa, yule wa kwanza alinisukumia kigoda, akanipa tende na kikombe cha uji kabla sijatoa hela. Nikamwambia mimi sikufunga. "Umesubiri nasi," akasema, "kunywa."

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Ofisini wenzangu Wakatoliki hawali nyama leo, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu niache, meza nzima tumekula chakula kimoja. Tulikwenda kwa bibi mmoja mama lishe nyuma ya Mtaa wa Aggrey. Zamani alipika upande wa Mchikichi. Tangu ghorofa la huko liporomoke tarehe 16 Novemba mwaka jana amehamia huku, na hapendi kulizungumza. Hatukumuuliza.

Kisamvu chake kina karanga na nazi, kimetwangwa hasa, hakikusagwa kwa mashine. Maharage ya nazi. Ugali. Nikaomba na mchicha, akanizuia mkono: "Huo una unga wa dagaa, mjukuu wangu, usiule wewe." Alikumbuka kutoka wiki iliyopita. Mama lishe wengi wana desturi ya kumwagia wali mchuzi wa nyama kidogo juu ya maharage ili mteja asione chakula kikavu, nao hufanya hivyo kwa upendo. Mwombe mapema, kabla upawa haujainuka.

Jumamosi, 8 Machi

Soko la Kisutu tangu asubuhi. Jengo jipya la ghorofa, ngazi pana, na bado harufu ile ile ya zamani ya majani ya giligilani yaliyolowa. Nimenunua bamia, ngogwe, njegere mbichi, tangawizi na nazi.

Nimeuliza kuhusu nazi kwa sababu kila kitu ninachokula sasa kinapitia hapo. Muuzaji anasema zake zinatoka Mafia na nyingine Mkuranga, na bei haishuki kama zamani. Sababu moja naijua kutoka kwa babu yangu aliyekuwa na shamba Bagamoyo: ugonjwa wa kunyong'onyea. Vimelea vinaingia kwenye mishipa ya mti, nazi changa zinapukutika, majani yanageuka manjano, mwisho kichwa chote kinaanguka na linabaki gogo limesimama peke yake. Serikali ilianzisha Mradi wa Taifa wa Kuendeleza Minazi mwaka 1979, na utafiti ukafanyika hapa hapa Dar, Mikocheni, kutafuta mbegu zinazostahimili. Ugonjwa haujaisha. Wanaoandika juu ya chakula kisicho na mnyama mara nyingi huzungumzia soya na lozi. Kwetu habari yote inasimama juu ya mnazi, na mnazi unahitaji watu wa kuupanda upya. Hili linanisumbua kuliko bei.

Kijana anakuna kwa mashine, nazi inatoka nyeupe laini mfukoni. Nimekataa tui la boksi alilokuwa akiliuza rafu ya juu. Nitakamua nyumbani, tui zito la kwanza nitenge kwa tambi, jepesi nipikie njegere.

Kisha nikapita upande wa kuku, maana ndiyo njia ya kutokea. Kisutu inajulikana kwa kuku hai. Wamefungwa miguu, vichwa chini, wanabebwa kwa mafungu, midomo wazi kwa joto. Hapa ndipo nilipoacha, mwaka jana, siku niliyokuja kumnunulia mama kuku wa Krismasi. Nilimshika yule kuku na nikahisi moyo wake ukipiga kwenye kiganja changu kwa kasi ambayo sijawahi kuihisi kwa kiumbe chochote. Nililipa, nikaondoka bila yeye. Sijawahi kumweleza mtu jambo hili kwa kirefu. Nikiulizwa nasema ni afya. Leo nimewapita tena na uamuzi wangu ni ule ule.

Jumatatu, 10 Machi

Leo ni Ekadashi, siku ya 11 ya nusu ya mwezi, na Wahindu wengi wanaofunga hawali nafaka, maharage wala dengu. Nilijua hivyo kwa sababu ya foleni: duka dogo la vitafunwa Mtaa wa Pramukh Swami, ule ambao wengi bado tunauita Kisutu, karibu na mahekalu, lilijaa tangu saa nne asubuhi. Chakula chenyewe ni punje nyeupe zinazong'aa, zimekaangwa na viazi, karanga zilizopondwa, binzari nyembamba, pilipili mbichi, na ndimu juu yake. Wao huziita sabudana. Nimeuliza mafuta gani. Ya karanga. Nimekula sahani nzima nimesimama.

Punje zile hutengenezwa kwa wanga wa muhogo. India huzitoa kwa wingi Tamil Nadu, maeneo ya Salem. Muhogo ulitoka Amerika Kusini, Wareno wakauleta Afrika na Asia, na sasa mitaa michache kutoka hapo kijana wa Kariakoo anauchoma ule ule kwenye mkaa, anaupasua katikati, anaupaka chumvi na pilipili na kuukamulia ndimu. Jioni nilikwenda makusudi kununua na wa kwake. Ndimu na pilipili pande zote mbili, karanga huku, mkaa kule. Nimefurahi siku nzima.

Ijumaa, 14 Machi

Holi. Rangi nguoni mwa watoto Upanga. Tamutamu za sikukuu ni za maziwa na samli, isipokuwa vipande vya karanga na sukari guru, ambavyo nimenunua robo kilo. Jirani yangu alivionja, akasema ni kashata. Ndizo.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimezunguka kwa ajili ya vitamu tu. Hii ndiyo sehemu niliyoiogopa, kwa kuwa watu huniambia naweza kuishi bila nyama lakini nitakosa kila kitu kitamu.

Halua kwanza, nimalize. Nimeuliza kwa wauzaji wa Kariakoo wanaoileta kutoka Unguja, na jibu ni moja: samli. Wanga, sukari, iliki, zafarani, na samli inayokorogwa kwa saa nyingi mpaka ijitenge na sufuria. Mmoja alisema ukiondoa samli si halua, na namwamini. Nimesimama pale nikinusa. Nilikua na halua ya Idi mkononi, na kuiacha kumeniuma kuliko mishikaki. Naandika hivyo bila kujificha.

Vitumbua: mchele ulioloweshwa, tui, hamira, iliki, sukari. Kila mpishi niliyemuuliza alinijibu bila kusita. Vibibi vivyo hivyo. Mkate wa kumimina una wapishi wanaotia ute wa yai ili uumuke, na wapo wasiotia. Mama mmoja wa Mtaa wa Sikukuu hatii, na wake umeumuka vizuri, rangi ya dhahabu chini na vitundu juu. Hupika jioni tu, mwezi huu wote. Mkate wa ufuta pia umetengenezwa kwa tui. Visheti ni vya kuuliza, kuna wanaokandia maziwa. Ubuyu, kashata za nazi, kashata za ufuta, miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi, barafu za ukwaju zinazouzwa majumbani: hivi vyote nilivila tangu utotoni na sikuwahi kuwaza kuhusu maziwa.

Mwaka 1944, Waingereza wachache wakiongozwa na Donald Watson walipounda chama chao cha wasiokula chochote cha mnyama, nchi yao ilikuwa katika mgao wa chakula cha vita, na siagi na maziwa ndiyo yaliyojenga kila tamutamu waliyoijua. Iliwabidi waanze karibu upya. Pwani yetu haikuhitaji kuanza upya. Mpishi wa vitumbua hajawahi kusikia habari za chama chochote.

Aiskrimu ndiyo iliyonishinda kwa muda mrefu. Baiskeli ya Azam ikipita na muziki wake, nageuza uso. Leo nimepata mahali. Upanga, ghorofa ya chini ya jengo la makazi, kaunta moja, vijana wawili. Wana faluda na kulfi kwa wateja wao wa kawaida, na kwenye pembe ya friji wana bakuli mbili zilizoandikwa kwa kalamu: embe, na nazi. Embe ni tunda, sukari na ndimu. Ya nazi wameipika kwa tui la boksi. Niliionja. Ina baridi nzuri, lakini tui la boksi lina ladha ya mbali, na ulimi wangu uliokuzwa na la kukamua uliitambua mara moja.

Nikamwambia yule kijana wa kaunta. Hakukasirika. Alisema amelijaribu la kukamua mara moja, likakatika alipolipasha, akaliacha. Nikamwambia tui halichemshwi kwa moto mkali bila kukorogwa. Hilo kila bibi anamwambia kila mjukuu. "Basi uje unionyeshe, dada." Nikasema nitakuja na nazi.

Jumanne, 25 Machi

Nimekwenda baada ya kazi na nazi zilizokunwa Kisutu. Jikoni kwao ni padogo, mtu wa tatu anasimama mlangoni. Tumekamua kwa kitambaa, tukachuja la kwanza, tukalipasha taratibu na sukari na iliki kidogo, yeye akikoroga upande mmoja tu bila kuacha. Halikukatika. Likaingia kwenye mashine.

Mwenzake, ambaye tangu nifike alikuwa hazungumzi, alichota kijiko, akachota cha pili, akamwita mlinzi wa jengo aje aonje. Mlinzi akasema inafanana na ile ya kwao Pangani. Tukabishana kuhusu iliki: mimi nataka ipungue, wao wanataka ibaki.

Shida ni kwamba haidumu. La boksi linakaa wiki. Hili kesho kutwa limeshabadilika. Na gharama ya nazi, pamoja na mkono wa kukamua, inapandisha bei ya kikombe. Tumepiga hesabu kwenye karatasi ya risiti. Hawawezi kulitengeneza kila siku. Wamekubaliana Ijumaa na Jumamosi tu, kuanzia saa kumi jioni, bakuli moja, ikiisha imeisha, na ya boksi ibaki siku nyingine kwa bei yake ya zamani. Ijumaa wanaanza. Nimeshawaambia wenzangu wa ofisini, na bibi wa Aggrey nitamchukulia kikombe, ila sijui kama barafu itafika Kariakoo na ule msongamano wa Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani. Nitapanda mwendokasi.