Kipimo Kilipotutia Hofu

Mama mjamzito anapokwenda kupimwa kwa ultrasaundi, hutarajia kuambiwa kwamba mtoto ni mzima, kisha arudi nyumbani kwa furaha. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apate kipimo hiki mara moja kabla ya wiki ya 24. Ni jambo jema. Lakini kipimo hicho huweza pia kuonyesha mambo ambayo hatukujiandaa kuyasikia.

Ndivyo ilivyotupata sisi, mume na mke, katika mimba yetu ya tatu. Wiki ya 20 tuliambiwa kwamba mtoto anaendelea vizuri, ila kondo la nyuma limekaa chini na kuziba mlango wa kizazi. Mmoja wetu ni muuguzi, naye amewaeleza akina mama wengi habari kama hiyo. Usiku ule elimu haikutuletea usingizi. Aliyejua mengi aliwaza damu. Asiyejua alidhani anafichwa jambo. Tulilala tumepeana migongo, kila mmoja akiogopa kumtia mwenzake hofu.

Siku ya tatu tuliamua kusema. Tuliandika katika daftari yote tuliyoyaogopa, tukayageuza kuwa maswali ya kumwuliza daktari. Tulijibiwa kwamba katika wiki ya 20 hali hiyo si hukumu. Mfuko wa uzazi unapokua, sehemu yake ya chini hutanuka, na kwa akina mama walio wengi kondo huwa mbali na mlango kabla ya siku za kujifungua. Ndiyo maana kipimo hurudiwa wiki ya 32. Mama aliyewahi kujifungua kwa upasuaji aseme mapema, kwa kuwa kondo huweza kung'ang'ania kovu.

Tuliagizwa tusikutane kimwili mpaka turuhusiwe, tumbo lisikandwe, na mtu yeyote asipime njia ya uzazi kwa vidole. Damu ikitoka, hata bila maumivu, hata ikikatika yenyewe, twende hospitali mara moja.

Kusubiri wiki 12 si kazi ndogo. Tulimkumbuka Mariamu, ambaye baada ya kupata habari nzito alikwenda kwa haraka kwa Elisabeti, akakaa kwake kama miezi mitatu (Luka 1). Nasi tulimwendea mama mmoja mtu mzima wa jumuiya yetu. Hakutusimulia habari za waliokufa. Alisali pamoja nasi, kisha akauliza, "Wanangu, damu ikitoka usiku, mtakwenda kwa gari la nani?" Tangu hapo tuliacha kuhesabu siku tu, tukaanza kujiandaa.

Wiki ya 32 kondo lilikuwa pale pale. Wiki ya 36 pia. Tuliomba lipande, halikupanda, nasi tulilia. Lakini fedha kidogo zilikuwa zimewekwa, jirani mwenye gari alikuwa amekubali, shangazi yupo tayari kukaa na watoto, na wanajumuiya wanne walikwisha kuchangia damu hospitalini. Wiki ya 37 binti yetu alizaliwa kwa upasuaji uliopangwa. Damu ilihitajika, nayo ilikuwapo. Tulimshukuru Mungu aliyetujibu kwa mikono ya watu.

Mama mpendwa, majibu ya vipimo hayafanani, na mengine ni mazito kuliko yetu. Hata hivyo, usitoke kliniki bila kuuliza mambo matatu: nini kimeonekana kwa hakika, nini bado hakijulikani, na turudi lini. Nenda na mumeo, au ndugu unayemwamini. Mwambie Mungu hofu yako bila kuificha, kisha umwambie na mtu mmoja mwenye busara. Mzigo wa namna hii haubebwi na mtu mmoja.