MIMI, BABU, MJOM na MAMA

Najua nimekuwa kimya wiki tatu nzima, na wapo walionitumia ujumbe kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa Morogoro kwa mzee, na huko nilikuwa na kazi mbili: kumgeuza baba kitandani kila baada ya saa mbili usiku kucha, na kubishana na mpwa wangu wa miaka 12 kuhusu watu wanne wanaofaa kwenda kuokoa dunia. Hiyo ya pili ndiyo nataka kuisimulia leo, ingawa naona kabisa nitashindwa kuitenganisha na ya kwanza.

Tuanze na gemu yenyewe. Ni Final Fantasy, ile ya kwanza kabisa, iliyotolewa na kampuni ya Square huko Japani Desemba 1987 na kufika Marekani 1990. Picha zake ni za vijumba vijumba, muziki wake ni wa mashine ya kulilia, na dogo alipoiona kwenye laptopu yangu aliuliza kama imeharibika. Kwi kwi kwi! Lakini ina jambo moja ambalo magemu mengi ya siku hizi yanakuficha. Kabla hujatembea hata hatua moja inakuuliza: unaondoka na nani? Kuna watu wa aina sita, unachagua wanne, na ukishakubali umekubali. Hakuna dirisha dogo la usajili.

Kuwapa hao sita majina ya Kiswahili kulituchukua jioni nzima. Mpiganaji hakuna ubishi. Mwizi naye ni mwizi, ingawa cha ajabu katika gemu hii mwizi haibi chochote wala hafungui kufuli, ana mbio na bahati tu (dogo akasema huyo basi si mwizi, ni mtuhumiwa). Wa tatu ni Mkanda Mweusi, mtu wa karate. Tatizo lilikuja kwa wale watatu wenye kofia na kanzu. Kwa Kiingereza wote wana jina moja, wanatofautiana rangi tu: mweupe, mweusi, mwekundu. Sisi hatuwezi. Anayerusha moto na radi ni mchawi, anayetibu ni mganga, na kumwita mganga mchawi ni kumtafutia kesi. Mwekundu anajua kidogo cha kila mmoja na upanga anashika, lakini hafiki mwisho wa lolote. Tulimwita Nusunusu.

Kikosi cha kwanza alipanga dogo peke yake. Wapiganaji wanne. Nafasi ya jina ni herufi nne tu, kwa hiyo wakawa MIMI, PELE, KAKA (yule Mbrazili, si kaka wa nyumbani) na MESI aliyepoteza S moja njiani. Nikamuuliza, mganga je? Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mjomba, huyo si anasubiri watu waumie?"

Sikumkatalia, na kwa kweli mwanzoni alinitia aibu. Unaanza safari na dhahabu 400, wapiganaji wale wakanunua panga na deraya za minyororo za 80 kila moja, wakamkata Garland aliyemteka binti mfalme, wakavuka daraja, wakawafyeka maharamia tisa wa Pravoka na kuchukua meli yao. Dogo alikuwa anacheza amesimama. Nikaanza kujiuliza kama miaka yote nilikuwa nahubiri uongo kuhusu huo unaoitwa uwiano wa kikosi.

Sasa nieleze kwa nini nilikuwa naelewa mambo ya saa nane za usiku.

Baba alipata kiharusi Novemba 2024, upande wa kushoto. Mzee alifanya kazi karakana ya reli, mtu wa kubeba vyuma, na ghafla akawa hawezi kujigeuza. Mgonjwa wa namna hiyo asipogeuzwa anatoka vidonda vya mgongoni na nyongani, kwa hiyo ni saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Halafu kuna dawa za presha, kuna mazoezi ya mkono, kuna uji, kuna shuka. Sisi watoto tuko wanne. Kaka mkubwa yuko Mwanza na hela yake haijawahi kuchelewa mwisho wa mwezi. Wa pili yuko Dodoma, anafahamiana na madaktari, akipiga simu mlango unafunguka. Mimi niko Dar, nakuja na matunda na maneno mengi. Na dada, mama yake huyu dogo, alikuwa na fremu ya ushonaji karibu na soko, cherehani mbili. Aliifunga mwezi ule ule wa Novemba. Hakuna aliyemwambia afunge. Hakuna aliyemwambia asifunge pia.

Mwezi uliopita alinipigia simu. Alisema, "Nataka siku sita. Siendi harusini, siendi msibani. Nakwenda kulala." Akaenda Tanga kwa rafiki yake, mimi nikaomba likizo.

Turudi kwenye gemu. Ukishapata meli unafika Elfland, na kusini-magharibi kwake kuna pango la kinamasi ambamo kuna taji unalotakiwa kulitoa. Pale ndipo wapiganaji wa dogo walipokutana na vitu viwili wasivyovijua. Kwanza, kuna madudu laini kama uteute ambayo upanga unayatoa nukta moja tu ya uhai, piga upendavyo. Dawa yao ni moto au radi, na hatukuwa na mchawi. Pili, sumu. Mtu akishaumwa, kila hatua anayotembea inampunguzia uhai, na pambano likiisha sumu haiishi. Chupa ya kuiondoa ni dhahabu 75. Tulikuwa nazo tano, kwa sababu hela ilikuwa imekwenda kwenye deraya za chuma za 800 kila moja mara watu wanne. Chupa zikaisha ghorofa ya pili ya pango. Wakarudi wakichechemea, na karibu na mlango kundi dogo tu la maadui, ambalo asubuhi wangelipiga bila kuangalia, likawamaliza wote. Programu niliyotumia inaruhusu kuhifadhi mchezo popote, lakini dogo mwenyewe ndiye aliyesema siku ya kwanza kwamba huo ni wizi, tuhifadhi gesti tu. Kwa hiyo saa nzima na zaidi ilipotea.

Alinyamaza. Kisha saa nane ikafika, tukaenda kumgeuza babu yake. Yeye anashika miguu, mimi mabega.

Tuliporudi akasema tuanze upya, na safari hii nichague na mimi. Hapo ndipo tulipobishana kwa heshima. Watu wengi ukiwauliza uwiano watakuambia chukua mmoja wa kila aina. Si kweli, maana aina ni sita na nafasi ni nne, na wapo waliomaliza gemu hii na waganga weupe wanne. Mimi nafanya hesabu nyingine. Sihesabu nguvu, nahesabu kitakachoisha. Upanga hauishi. Ngumi za Mkanda Mweusi haziishi, na tena hana gharama, kadiri anavyokua ndivyo asivyohitaji silaha. Lakini mganga anaanza safari na mafungu mawili tu ya tiba. Mawili! Ukishayatumia, mpaka mlale ndipo yanarudi. Kwa hiyo swali la kikosi ni je, watu wengine watatu wanamtumiaje huyo mmoja? Ukiwa na wachawi wawili dhaifu mbele yake, mafungu yatakwisha kabla ya chakula cha mchana. Ukiwa na mpiganaji mwenye deraya nzito na Nusunusu anayeweza kutibu majeraha madogomadogo, mganga anabaki na akiba mpaka siku ya shida.

Halafu kuna mpangilio wa foleni, ambao gemu haikuelezi popote. Anayesimama wa kwanza hupigwa karibu nusu ya mara zote. Wa pili robo. Wawili wa nyuma wanagawana robo inayobaki. Ukimweka mganga mbele, yule mwenye kanzu na nyundo, atatumia tiba yake yote kujitibu mwenyewe, na akianguka hakuna wa kumwinua mpaka mfike kliniki ya mjini, kwa malipo.

Nilipokuwa namweleza dogo hili, nikajisikia naongea polepole. Sijui kama aliona. Nyumbani kwetu aliyesimama nafasi ya kwanza hana deraya.

Kikosi kikawa hivi. Mbele kabisa Mpiganaji, jina MIMI, hilo hakukubali kulijadili. Wa pili Mkanda Mweusi, BABU, kwa sababu ya picha ile ya karakana iliyoko ukutani ambamo mzee ana mikono kama magogo. Wa tatu Nusunusu. Dogo akaandika MJOM, herufi zikaishia hapo. Nikamuuliza kwa nini mimi ni yule. "Kwa sababu mjomba unajua kila kitu kidogo." Nimefanya kazi ya uandishi wa habari miaka sita, leo habari za bunge, kesho bei ya mahindi, sijawahi kuelezwa vizuri kuliko hivyo. Wa nne mganga. Mimi nilitaka aitwe DADA, yeye akasema huyo kwake ni MAMA, na yeye ndiye aliyeshika kibodi. Ikawa MAMA. (Angalieni lakini Wajapani walivyotupendelea: baba, mama, kaka, dada, babu, bibi, wote wanaingia kwenye herufi nne. Wajomba ndio tuliobaki nje.)

Kesho yake asubuhi nilimpigia kaka wa Mwanza. Nikamwambia tutafute mtu wa kulipwa akae usiku, angalau mara tatu kwa wiki. Akauliza, "Kwani dada amelalamika?" Hajalalamika. Nikakosa jibu kwa muda, nikasikia kaka anapumua upande wa pili, na mimi sikutaka kusema kwa mtu anayelipa dawa zote kwamba hela yake haitoshi, kwa sababu inatosha. Hela si ndiyo iliyokuwa inaisha. Mwishowe nikamwambia tu idadi: saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, mara siku zote tangu Novemba ile. Akasema atanipigia. Jioni akapiga, amekubali usiku mbili. Wa Dodoma akachangia wa tatu, baada ya kuniuliza kwanza kama nimemchongea. Ijumaa na Jumamosi nikazichukua mimi. Siku hizi kuna treni ya umeme, sina kisingizio.

Dada alirudi siku ya sita jioni, uso umefunguka. Akamsalimia baba, akakagua mgongo wake kabla hata hajavua viatu (hakukuwa na kidonda, nashukuru), kisha akaja sebuleni tulipokuwa. Skrini ilikuwa inaonyesha wale wanne. Akauliza yule mwenye kanzu nyeupe ni nani. Mwanaye akamwambia, ni wewe.

"Mbona mmeniweka nyuma?"

"Ili usipigwe."

Akasema hebu zimeni hiyo mashine mkale, akaingia jikoni, na alikaa humo muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Usiku ule tulikubaliana alale chumba cha mbele na mlango ufungwe. Saa nane alitoka hata hivyo, akatukuta mimi nimeshika mabega na dogo miguu. Akatazama, akasema mto mnauweka vibaya, akauweka yeye, akarudi kulala. Kwa taarifa yenu taji bado hatujalitoa, MJOM ana moto na radi lakini anakufa kufa ovyo, na dogo anataka tumwondoe tuanze tena na Mchawi Mweusi. Nimemwambia tuongee Ijumaa.