Ufa Uliofunikwa kwa Rangi

Sisi ni ndugu wawili, baba mmoja na mama mmoja. Tuna banda la kuchomelea vyuma hapa Ipililo, wilayani Maswa, ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga nafaka. Vifaa vyetu si vingi: jiliwa moja, grenda, drili, mashine ya kuchomelea, tupa chache na nyundo tulizorithi kwa marehemu baba. Mvua za Novemba zikikaribia tunashughulika na plau. Pamba ikianza kuvunwa, kazi inakuwa ya mikokoteni ya ng'ombe. Jumapili tunafunga banda na kwenda ibadani, na watu wengi hapa wanatufahamu kwanza kama waimbaji wa sauti ya nne, kisha kama mafundi.

Tulipoombwa kuandika ushuhuda huu tulikubaliana tuandike kwa neno "sisi" tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna mahali msomaji atataka kujua ni yupi kati yetu aliyefanya jambo fulani. Hatutasema. Mmoja alilifanya, mwingine aliliona akanyamaza, na mbele za Mungu hatukuona tofauti kubwa.

Jambo lenyewe lilianza na mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha tatu. Likizo moja alikuja na simu akatuonyesha video za roboti zinazopigana. Ni mashine ndogo zenye magurudumu. Mtu anaziongoza kwa rimoti akiwa nje ya uwanja, nazo zinasukumana, zinapinduana na kukatana. Alitueleza kwamba mchezo huo ulianza kupata umaarufu Marekani mwaka 1994, ukaingia kwenye televisheni ya Uingereza mwaka 1998, na kwamba yapo madaraja ya uzito kama katika ndondi. Daraja moja la Uingereza halizidi kilo moja na nusu. "Wajomba," alisema, "kilo moja na nusu ni kama kuku. Hatuwezi kutengeneza kuku wa chuma?"

Tulicheka, lakini usiku hatukulala vizuri. Fundi akionyeshwa kitu kilichotengenezwa na mikono ya watu, mikono yake nayo huanza kuwasha.

Hakuna duka la vipuri vya roboti Ipililo, wala Maswa mjini, wala Bariadi. Kila kipande kilibidi kitoke bandani. Mota na betri tulizitoa kwenye drili za betri zilizokufa. Bodi tuliikata kwenye sufuria nene ya alumini iliyotoboka. Magurudumu tuliyachonga kwenye ndala nene za matairi. Kwa kuwa hatuna mashine ya kukereza, tulifunga kipande cha nondo kwenye drili, tukaibana drili kwenye jiliwa, kisha nondo inavyozunguka tukaikereza kwa tupa taratibu mpaka ikawa ekseli. Mpwa wetu aliunganisha rimoti ya gari la kuchezea na relei za pikipiki. Jioni wateja walikuwa wanakaa kutazama hata kama plau zao zimeshakwisha.

Mzee mmoja wa kanisa alipita akatuuliza, kwa upole, kama tumesahau Isaya 2:4, pale nabii anapoona siku ambayo watu watafua panga zao ziwe vyombo vya kulimia. "Ninyi mnafua vyombo vya kulimia viwe panga?" Tulimjibu kwamba ni mchezo, hakuna mtu anayepigwa. Akatikisa kichwa akasema, "Sawa, wanangu. Mwangalie tu panga hilo linaelekea wapi." Tulilichukulia kama neno la mzee.

Silaha ya roboti yetu ilikuwa kisu kinacholala na kuzunguka kama pangaboi. Tulikikata kwenye springi ya gari, urefu wa sentimita 18. Tundu la katikati la springi lilikuwa pana mno kwa ekseli yetu, kwa hiyo tulichomelea bushi katikati. Hapo ndipo kosa lilipoingia. Chuma cha springi si chuma cha dirisha. Ni kigumu kwa asili, na ukikichomelea bila kukipasha moto kwanza, kisha kikapoa ghafla, sehemu iliyo kando ya mshono inakuwa kama kioo. Kinatakiwa kipashwe moto, kichomelewe, kisha kiachwe kipoe polepole, hata kwa kufukiwa kwenye majivu. Sisi tulikuwa na haraka. Tulimwagia maji.

Marehemu baba alitufundisha kipimo kimoja kisichohitaji umeme. Unatundika chuma kwa waya, unakigonga kwa spana, unasikiliza. Alikuwa akisema chuma kizima kinaimba, chenye ufa kinakohoa. Tulikitundika kile kisu, tukakigonga. Kilikohoa.

Tulikiangalia juani. Kando ya mshono kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ilikuwa Ijumaa jioni, na kijana alikuwa ameshawaambia wenzake waje Jumamosi kuona roboti ikijaribiwa. Kukata kisu kipya kungechukua siku mbili. Basi ule ufa ulipitishiwa mshono mwingine juu yake, ukasawazishwa kwa grenda, ukapakwa rangi nyeusi. Mmoja wetu alifanya. Mwingine alikuwa amesimama hapo hapo ameshika taa. Hatukusemezana. Wahenga walituambia tuzibe ufa; hawakutuambia tuufiche.

Jumamosi asubuhi tuliweka roboti ndani ya duara la matofali mabichi, kimo cha goti. Katika video zile uwanja unazungushiwa ukuta wa plastiki ngumu, na silaha inafungwa kwa pini mpaka watu wote watoke. Sisi tulisema matofali yatatosha. Mota ikizungusha kisu kama kile mara 3,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Hesabu hiyo tuliipiga baadaye.

Kijana alibonyeza rimoti. Kisu kilianza kuvuma, vumbi likapanda, watoto wakashangilia. Halafu ukasikika mlio kama wa bati kupigwa jiwe, na roboti ikapinduka. Nusu ya kisu haikuwepo. Mpwa wetu alikuwa ameinama kutazama kwa karibu, na kile kipande kilipita juu ya kichwa chake, kikatoboa bati la banda la mashine ya kusaga, upande ule kina mama wanaposubiri unga.

Hatujui tulikimbia muda gani kufika mlango wa pili. Kina mama watano walikuwa wamesimama, mmoja amebeba mtoto mgongoni. Kipande kilikuwa kimezama kwenye gunia la mahindi. Mama mmoja, muumini mwenzetu, alikichomoa kwa pembe ya kitenge kwa sababu kilikuwa bado cha moto, akatunyoshea. "Wanangu, hiki ni chenu?"

Tulisema ndiyo. Tukaomba radhi, tukawaambia ni bahati mbaya. Wakamshukuru Mungu, na sisi tukaitikia amina. Ile amina ndiyo iliyotuuma kuliko yote.

Jioni mpwa wetu aliweka vipande viwili pamoja juu ya meza. Pale palipovunjika, sehemu kubwa ilikuwa na rangi nyeupe ya chuma kipya, lakini ukingoni kulikuwa na mstari uliofifia wa rangi ya samawati, rangi ya chuma kilichopasuka kikiwa cha moto. Yule ni mtoto mwenye macho. Akauliza, "Wajomba, mlijua?"

Tukasema, "Hapana."

Usiku ule mmoja wetu alikuja kugonga dirisha la mwenzake. Tukakaa nje kwenye vigoda, tukasoma kwa mwanga wa simu. Tulikuwa tunatafuta faraja, na tulikuwa tunajua pa kuitafuta: Kumbukumbu la Torati 19:5, habari ya mtu aliyekwenda msituni na jirani yake kukata miti, shoka likachomoka kwenye mpini likamuua yule jirani. Torati inampa mtu huyo mji wa kukimbilia, kwa kuwa hakukusudia. Tulitaka kuwa mtu huyo. Lakini mmoja wetu akauliza, "Na kama alijua kwamba shoka limelegea?" Jibu liko Kutoka 21:29, na sisi Wasukuma, watu wa ng'ombe, tunalielewa bila kufafanuliwa. Ng'ombe akimpiga mtu pembe kwa mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alikuwa na desturi ya kupiga, na mwenyewe ameonywa, na hakumfunga, hatia ni ya mwenyewe. Sisi tulionywa. Chuma kilikohoa, na tulikisikia.

Baya zaidi, tulipoanza kusemezana kweli tulikuta kwamba mkono uliopaka rangi ile Ijumaa haukuwa unajifunza. Ulikuwa umezoea. Kulikuwa na ekseli ya mkokoteni tuliyoichomelea msimu wa pamba, ambayo ilitakiwa ibadilishwe. Kulikuwa na mkono wa plau. Kulikuwa na kiti cha nyuma cha baiskeli ambacho mtoto anapandishwa kwenda shule. Tulifungua daftari la kazi, tukaweka alama kila mahali tulipojua kwamba chini ya rangi pana kitu. Alama zilikuwa 7.

Asubuhi, kabla ya ibada, tulimwita mpwa wetu. Tulimwambia, "Tulijua. Na jana tulikudanganya." Hakulia wala hakukasirika. Alisema tu, "Ningekuwa nimeinua kichwa." Tukawa kimya wote watatu. Katika ibada tulisimama wakati wa shuhuda, tukawaambia kina mama wale, wakiwepo, kwamba haikuwa bahati mbaya. Tulitetemeka kuliko siku tulipobatizwa.

Wiki iliyofuata tulizunguka kwa baiskeli nyumba saba. Si wote waliotupokea sawa. Mzee mwenye mkokoteni alitusikiliza mpaka mwisho, akatukaribisha michembe na chai, akasema wajukuu wake walikuwa wamerudi juu ya mkokoteni ule kutoka mnadani siku mbili kabla. Kisha akatufungulia ekseli yeye mwenyewe. Mwingine alichukua plau yake akaipeleka kwa fundi mwingine, na mpaka leo hajarudi. Hatumlaumu. Kazi zote 7 tulizirudia kwa gharama yetu, na mwezi ule hatukupeleka kitu nyumbani isipokuwa unga wa mkopo.

Roboti tuliimaliza. Kijana alisema tukiiacha, tutakuwa tumeadhibu roboti kwa kosa letu. Mara hii kisu ni kipande kimoja kisicho na mshono. Kimeshikwa kati ya visahani viwili kwa bolti nne, na bushi yake tuliipeleka Bariadi ikakerezwe kwa mashine. Ina pini ya kufungia silaha. Tunaijaribu ndani ya shimo lenye kina cha mita moja, lililofunikwa kwa mbao nene, na hakuna mtu anayesogea mpaka betri itolewe. Kwa kuwa hapa hakuna roboti nyingine ya kupigana nayo, imepigana na debe la mafuta ya kula. Ilishinda.

Lile neno la mzee wa kanisa tunalirudia mara nyingi. Tulidhani panga ni kile kisu, na kwamba likiwa mchezoni halina neno. Lakini chombo cha kulimia chenye ufa uliofichwa nacho ni panga. Kinachosubiriwa ni siku tu. Tunaamini Isaya hakuwa anazungumza juu ya umbo la chuma peke yake, bali juu ya moyo wa anayekifua, kama anamwona jirani yake upande wa pili wa bati.

Leo nusu ya kisu kile imening'inia kwa waya mlangoni kwa banda letu, pembeni yake springi nzima. Mteja akija kuchukua kazi yake, tunamkabidhi spana agonge vyote viwili asikie tofauti, kisha agonge chuma chake mwenyewe kabla hatujapaka rangi. Wengine wanaona tunapoteza muda. Mama yule aliyechomoa kipande kwenye gunia anagonga kila anapopita kwenda kusaga, hata kama hana kazi kwetu.

Ndugu msomaji, labda kazi yako si ya vyuma. Unapima pamba kwenye mizani, unafundisha darasa, unaandika hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa. Unajua mahali ulipopaka rangi. Mungu kwa rehema zake alitufunulia yetu kwa gunia la mahindi badala ya mgongo wa mtoto, na hatuthubutu kusema ni kwa sababu tulistahili. Tunachoomba kila asubuhi tunapofungua banda ni kifupi: Bwana, utupe masikio ya kusikia chuma kinapokohoa, na ujasiri wa kusema tumesikia.