Turbo ya Ilala, Sampu ya Mjomba: Moshi Uliomnyoosha Jamaa wa Chilangala

Wadau mnajua ilivyo. Kijana wa kusini akitoka Dar kurudi nyumbani, msimu wa korosho ukikaribia, hawezi kurudi mikono mitupu. Wengine hurudi na spika, wengine na jezi. Jamaa mmoja wa Chilangala, kule Newala, yeye alirudi na turbo ya mtumba aliyoinunua Ilala, kaifunga kwenye kiroba utadhani kuku wa zawadi.

Pikapu yenyewe si yake. Ni ya mjomba wake, dizeli ya zamani iliyozaliwa bila turbo. Msimu ukifika inabeba magunia ya korosho, ya familia na ya majirani, kupeleka kwenye ghala la chama cha msingi. Hela ya korosho haiji siku unayopeleka mzigo, unasubiri mnada kwanza. Katikati hapo, nyumba inaendeshwa na nauli za hiyo pikapu. Halafu kwa Wamakonde mjomba si mtu wa kumchezea. Huyu ndiye aliyelipa ada ya jamaa tangu shule.

Mzee alikubali turbo kwa sababu moja tu: mlima. Ukitoka Masasi na saruji kupanda kuelekea Newala, gari linakokota kwa gia namba 2 huku bodaboda wanakupita wanacheka.

Sasa hapa ndipo wengi wanapochemka. Kila mtu anawaza nguvu na ile filimbi ya turbo. Hakuna anayeuliza oili itatokaje.

Shafti ya turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Oili inaingia kupitia kibomba chembamba, ikisukumwa na pampu ya injini. Ikishapita kwenye bering, msukumo umekwisha. Inatoka ikiwa povu, inadondoka kwa uzito wake yenyewe. Ndiyo maana bomba la kurudishia linatakiwa liwe nene, lishuke bila kupinda juu wala kuweka tumbo, na liingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Injini nyingi zisizo na turbo hazina tundu hilo, lazima ulitengeneze. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo la turbo mwaka 1905. Zaidi ya karne imepita na oili bado inataka njia ya kushuka tu.

Fundi wa kwanza aliona kushusha sampu ni usumbufu. Akaunga mpira wa kurudishia kwenye tundu la bolti ya kumwagia oili, chini kabisa. Kazi ya saa 3. Video ikapostiwa, laiki kibao.

Shida ni kwamba pale chini pamejaa oili muda wote. Inayorudi inakuta foleni, inapanda hadi kwenye turbo, inapenya kwenye sili. Siku ya kwanza mlimani, moshi wa bluu ukafunika barabara. Kisha injini ikaanza kunguruma yenyewe, mguu hauko hata kwenye mafuta. Jamaa akazima swichi. Injini ikaendelea! Dizeli haihitaji cheche. Ilikuwa inavuta oili ya turbo kupitia njia ya hewa na kuiunguza kama mafuta.

"Mjomba, simamisha! Weka namba 5, kanyaga breki, achia klachi!" mzee alipiga kelele.

Gari likaruka mara moja, likazimika. Wakakaa kimya na harufu ya oili iliyoungua. Baadaye mzee akasema taratibu, "Mjomba, sifa zako peleka Dar. Mimi nataka gari langu."

Fundi wa pili, mzee wa Masasi, alianza kwa kupima. Gari likiwa sehemu tambarare, alichomoa kijiti cha oili, akahamishia usawa ule kwa chaki ubavuni mwa sampu. Akamwaga oili, akaishusha sampu nzima. Jamaa akauliza kama haiwezekani kutoboa ikiwa palepale, drili ikipakwa grisi ili ishike chenga.

"Chenga moja ikipita kwenye bering, utarudi Ilala kutafuta injini," fundi akamjibu.

Sampu ikaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, ikakaushwa. Tundu likatobolewa juu ya alama ya chaki, upande wa turbo, mahali ambapo bomba halitagusana na fremu. Kikachomelewa kipande cha bomba la chuma, nene kama kidole gumba. Sampu ile ni ya chuma. Ingekuwa ya alumini, ingetaka fundi mwenye mashine ya argoni. Kiungo kikapakwa chaki kwa nje, ndani kikalowekwa mafuta ya taa usiku kucha. Asubuhi chaki ilikuwa kavu.

Mabomba ya hewa yakafuliwa oili yote iliyobaki, sili za turbo zikabadilishwa. Silikoni ya sampu akapaka nyembamba, maana inayozidi hukatikia ndani na kuziba chujio la pampu. Siku 2 kamili.

Mjomba hakuombwa hata senti. Jamaa aliuza simu yake, ileile iliyorekodi video.

Kazi ilipokwisha, mzee alimrushia ufunguo, akapanda upande wa abiria. Mlima ulipandwa kwa namba 3, saruji nyuma, moshi hakuna. Safari hiyo haikupostiwa popote.

Mdau, ungekuwa wewe ndiye mjomba, ungemrushia?