Uso wa Mama Barazani

Kisiwani Takawiri, ng'ambo ya Mbita, nyumba yetu haikosi wageni. Sisi ni mabinti watatu wa mama mmoja, tulioletwa huku kutoka Mombasa na biashara ya samaki ya marehemu baba yetu. Sebuleni tuna kompyuta moja ya mezani, itumiayo umeme wa jua. Mama huandika humo hesabu za mbuta na omena. Sisi na mdogo wetu wa kiume huitumia kwa masomo. Kila mmoja ana akaunti na nenosiri lake, nasi tulidhani hiyo yatosha kuwa stara.

Likizo iliyopita mdogo wetu, mwenye umri wa miaka 11, aliviona vile viduara vitupu vilivyokaa mahali pa nyuso zetu, akaamua kuvipamba. Akaunti ya Mama akaitia picha ya Idi iliyopigwa ndani, baina yetu wanawake: Mama kichwa wazi, nywele zimesukwa, anacheka.

Asubuhi ya pili alikuja mwenye mashua kudai ujira wake. Mama akawasha kompyuta. Kwa kuwa yeye ndiye aliyeitumia mwisho, sura yake ilijitokeza katikati ya kioo kabla hajagusa herufi moja ya nenosiri. Mgeni yule, mzee asiye wa dini yetu, aliinamisha macho, akageukia dirisha na kuuliza habari za upepo wa ziwani. Adabu yake ilitusitiri; lakini Mama alinyamaza mchana kutwa.

Tulimkemea mdogo wetu. Akajibu huku analia: "Dada, nilitafuta ile ambayo Mama anacheka. Tangu Baba afariki, sikuona nyingine."

Hasira zetu zikaishia hapo.

Jioni tuliketi naye kuiondoa. Ndipo tulipojua kwamba katika Windows, kubadili picha kwenye mipangilio ya akaunti hakuifuti ile ya zamani. Nakala yake husalia katika folda iitwayo AccountPictures mpaka mwenyewe aifute. Tena, akaunti iliyounganishwa na intaneti yaweza kuichukua picha hiyo hiyo hadi kwenye vyombo vingine. Kumbe nenosiri ni kufuli ya chumba. Picha hukaa nje, barazani, na kila apitaye huiona.

Sura ya An-Nur yatufundisha kuomba idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za watu. Tulimweleza mdogo wetu kwamba uso wa mtu nao una mlango, hata uso wa mama mzazi. Apendaye hubisha hodi kwanza. Akaenda kumwomba Mama radhi. Mama akamkumbatia, akaagiza picha ile isafishwe na kuwekwa chumbani kwake. Kwenye kompyuta akachagua jahazi alilochora mwanawe.

Ndugu wasomaji, leo usiku washeni kompyuta zenu, msiandike nenosiri. Ketini pale anapoketi mgeni, mtazame anachokiona. Kisha waulizeni wenye nyuso hizo, wakubwa kwa wadogo, kama waliridhia.