Daktari wa goti la Bi Mkubwa

Hivi msomaji wangu, ukienda kununua simu Kariakoo si unaiwasha kwanza, unapiga picha, unachomeka chaja mpaka muuzaji ananuna? Sasa kwa nini tukifika kwa daktari tunageuka mabubu?

Bi mkubwa wangu goti la kulia limekwisha. Ile gegedu inayotenganisha mifupa imelika, mfupa unasaga mfupa. Daladala hapandi mpaka ashikwe mkono. Dawa na sindano zimegonga mwamba, ikabaki kuwekewa goti bandia, la chuma na plastiki.

Kikao cha familia kikawa bunge. Anko akang'ang'ania India. Nikamwambia operesheni hii inafanyika hapa hapa Bongo, hata MOI pale Muhimbili wanaweka magoti na nyonga. Jirani naye akatupa daktari wake, eti ana mkono mwepesi, halafu gari lake usipime! Kwa ushamba wangu nikavutiwa na gari.

Tukaenda. Bwana yule akainua picha ya eksirei kwenye taa, dakika tano hazijafika, akaniambia mimi: "Alhamisi aje alazwe." Mama hata hakuguswa. Nikauliza, dokta, kwa mwaka unaweka magoti mangapi?

"Kijana, wewe umesomea udaktari?"

Kweli sijasomea, nimeishia fomu foo. Lakini swali halikuwa la kipuuzi. Wapasuaji wanaoifanya kazi hii mara kwa mara ndio wagonjwa wao hupata matatizo machache, hilo limechunguzwa nchi nyingi.

Daktari wa pili alituweka kwenye benchi masaa matatu. Nilikuwa nimeshamchukia. Lakini alipotuita, alimtaka mama atembee, akae, ainuke. Idadi ya magoti yake akaitaja bila kumung'unya, na waliopata usaha pia akawataja. Akasema sukari ishushwe kwanza na lile jino bovu ling'olewe, maana vijidudu vikilifikia goti bandia, pengine litafunguliwa upya. Kesho yake baada ya kupasuliwa, mazoezi yanaanza, utake usitake.

Kisha akamuuliza, "Mama, wewe mwenyewe unataka goti likufanyie nini?"

"Nisujudu chini, baba. Kama zamani."

Dokta akanyamaza kidogo. "Kutembea na kulala bila maumivu, hayo ndiyo tunayoyatarajia. Kupiga magoti siwezi kukuahidi. Wengi wanaona tabu. Huenda ukaendelea kuswali kwenye kiti."

Uso wa bi mkubwa ukashuka. Nikajua hapa tumemkosa mteja.

Kwenye bajaji nikajitia mjuaji: mama, yule wa kwanza si ni Alhamisi tu, maumivu yaishe? Akanitazama kama vile namuuzia kuku mgonjwa.

"Yule hata jina langu hakuliuliza. Atanipasua huyu aliyeninyima sujudu."

Basi Alhamisi hiyo hiyo tulienda, ila kung'oa jino.